Bila Kikomo Mpaka Asubuhi

Tit, tit, tit. Mlio wa simu iliyokatika ni mdogo tu, usiku unaweza kuumeza wote, lakini yule mama wanayemwita Dirisha aliusikia akiwa usingizini kabisa, akakurupuka, akapapasa godoro, akaweka kiganja kifuani kwa mtoto, akangoja, kiganja kikapanda, kikashuka, kikapanda tena, na yeye ndipo akashusha pumzi. Basi. Usingizi ukawa umekwisha hivyo. Laini imekatika, na laini ikikatika hakuna mtu mwingine wa kumsikiliza mtoto ila yeye, akaiacha simu imelala kifudifudi kando ya mtoto, maana kupiga tena hakurudishi usingizi, akakaa kitako amekumbatia magoti mpaka kioo cha dirisha kikaanza kuwa cheupe.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mtoto alipata kichomi. Akalazwa, akatundikiwa dripu, akapona, daktari akasema amepona, Dirisha akamuuliza tena wakiwa mlangoni, daktari akasema, mama, amepona. Lakini yeye alishaiona ile midomo ilivyogeuka rangi alfajiri ile, na tangu hapo kila akifumba macho anaiona, kwa hiyo hafumbi. Mumewe ni mlinzi wa ghala, huko mji wa mbali alikopata kazi, safari ya kutwa nzima, na likizo yake kila ikikaribia inasogezwa mbele. Ndiye aliyebuni. Akamwambia, si mimi nalipwa kukesha? Weka simu karibu na pua ya mtoto, usikate, mimi huku naiweka sikioni, wewe lala. Akikohoa vibaya nitapiga kelele mpaka uamke. Na kweli Dirisha akalala, akalala kama gunia lililotuliwa chini. Ila kifurushi kimeandikwa bila kikomo, na kila usiku kinakatika. Wamebadilisha cha wiki, kinakatika, wamejaribu cha usiku tu, kinakatika, na hivyo vifurushi vimeanza kula hela ya sabuni na ya mkaa.

Jioni hiyo akamfunga mtoto mgongoni, akateremka ngazi, akaenda kijiweni.

Kijiwe kiko chini ya dirisha lake hasa. Ni ubao mrefu uliobanduliwa kwenye bodi ya lori, umelazwa juu ya matofali, upande mmoja una rangi ya kijani bado, na mwisho wake wa kulia umebonyea kwa sababu ndipo anapokaa Breki. Breki aliendesha malori ya masafa marefu mpaka mgongo ukagoma, na jina hilo alipewa kwa kuwa mdomo wake ndio usio na breki. Katikati hukaa Mzee Risiti, mtunza stoo mstaafu, ambaye hata ukimwambia jua limechomoza atakuuliza ushahidi uko wapi. Shangazi wa kahawa hakai, anasimama na birika lake, ni shangazi wa kila mtu na si shangazi wa yeyote. Na mwisho kabisa, nyuma ya meza yenye kioo na mizoga ya simu chini yake, yuko Solda, kijana wa kutengeneza simu, mtu wa maneno machache. Dirisha aliwajua wote kwa sauti kutoka juu, nani anakohoa, nani anapenda kubisha, nani anaaga mara nne kabla hajaondoka. Wao walimjua kama kichwa na nusu ya mtoto katika fremu ya mbao, wakamwita Dirisha, na jina likamkaa.

— Lo! Leo dirisha limeshuka lenyewe! Breki akasema. Sogeeni jamani, mpisheni mgeni.

— Shikamooni. Shikamoo, Shangazi.

— Marahaba, mwanangu. Mgeuze huyo mjukuu nimwone. Kumbe ana miguu! Siku zote tunamwona mpaka kiunoni.

Dirisha alikuwa amelipanga swali lake vizuri kule juu, alilipanga akifua, akalipanga akishuka ngazi, lakini lilipotoka lilitoka lote kwa mkupuo:

— Samahani jamani, nilikuwa nauliza, kifurushi gani ni cha bei nafuu, cha kupiga bila kikomo, ila kisikatike, yaani kisikatike kabisa mpaka asubuhi, na kama kina intaneti kidogo sawa, kama hakina si neno.

Breki akaweka kikombe chini.

— Mpaka asubuhi?

— Ndiyo.

— Asubuhi hii hii ya jua kutoka?

— Ndiyo.

— Unaongea na nani mpaka asubuhi, binti, na shemeji yetu ana habari?

— Breki! Shangazi akamkemea.

— Nauliza tu, si dhambi. Mimi nina mke, maneno yetu yanakwisha kabla kahawa haijapoa. Huyu anatafuta ya kujaza usiku mzima.

— Naongea na mama yangu, Dirisha akasema, uso umemwaka moto. Mumewe alishamwambia mambo ya ndani yasitoke nje, watu wakijua unakesha na simu kwa ajili ya kukohoa kwa mtoto watakuita mwendawazimu, na yeye aliona hivyo hivyo.

— Basi ni mnara, Breki akasema, akijiweka sawa kama mtu aliyekaa nyuma ya usukani. Mimi nimepita barabara zote usiku, nimeona. Ile taa nyekundu kule juu, inawaka, inazima. Mnadhani ni pambo? Ikizima ndipo mnara unapumua. Injini yoyote usipoipumzisha inachemka. Na usiku watu wote wamepiga simu kwa wakati mmoja, mnara unachemka, wanakata. Wanaanza na walio mbali.

— Ushahidi? akauliza Mzee Risiti.

— Macho yangu.

— Macho yako yalikuwa yanasinzia, ndiyo maana lori lile uliliingiza kwenye shamba la watu.

— Shamba ndilo lililosogea!

Wakacheka, hata Solda nyuma ya meza, na Dirisha akacheka kidogo, akajishangaa.

— Hebu binti nikuulize, Mzee Risiti akasema. Wewe na mama yako, mnaongea moja kwa moja, au kuna mahali mnanyamaza?

— Tunanyamaza. Mara nyingi tunanyamaza.

— Hapo! Mzee akapiga goti lake. Hapo hapo! Neno ni kitu chepesi, linapita kwenye waya linakwenda zake. Kimya hakipiti. Kimya kinakaa, kinajaa, kama mzigo usio na mwenyewe. Kule stoo tulikuwa na makasha ambayo hakuna aliyeyafuata, miaka, na hayo ndiyo yaliyotuletea taabu, si yale yaliyotoka. Kampuni inaona kimya chako kimeziba njia, inakitupa nje.

— Mzee, waya uko wapi kwenye simu ya mkononi? Solda akauliza.

— Nimesema waya kwa mfano.

— Nyote hamjui, Shangazi akasema, akimimina. Ni yule dada.

— Dada yupi?

— Yule wa salio lako halitoshi. Mnadhani akishasema hivyo anakwenda wapi? Yuko pale, usiku kucha, spika masikioni, anasikiliza watu wanavyopendana. Huyu anamwambia mwenzake lala salama, yule anamwambia nakuota. Yeye hana anayempigia. Wivu unampanda, mkono unamwasha, anakata. Na mimi simlaumu.

— Usimseme vibaya yule, Breki akasema.

Sauti yake ilitoka tofauti mpaka watu wakamgeukia. Akajikuna shingo.

— Nini sasa? Mnaniangalia nini? Barabarani usiku, umeegesha, mvua inapiga bati la kichwa cha lori, huna wa kumpigia kwa sababu nyumbani wamelala na hata wakiamka watauliza umetuma nini. Mimi nilikuwa nabonyeza namba yoyote kwa makusudi, hata isiyokuwepo, ili aje. Anakuja. Anasema tafadhali. Nani mwingine alikuwa ananiambia tafadhali? Namsikiliza mpaka mwisho, nabonyeza tena.

— Bwana wee, Shangazi akasema polepole. Kumbe ulikuwa unamtongoza.

— Nilikuwa namsikiliza tu.

Dirisha alimtazama mzee huyu ambaye kutoka dirishani alimjua kwa kelele tu. Akamzungusha mtoto kutoka mgongoni, akampakata, akamwekea sikio karibu na mdomo kama alivyozoea, hata hakujua kama anafanya hivyo mbele za watu.

Solda alijua. Alikuwa amevua kioo chake cha kukuzia, anamwangalia.

— Dada, hakuna mnara wala wivu, akasema. Kampuni yako hiyo, simu moja ikifika saa nzima wanaikata wenyewe, hata uwe umewalipa dhahabu. Bila kikomo maana yake unaruhusiwa kupiga tena. Sasa kwa nini usipige tena?

— Ili nipige lazima niamke.

— Basi mama yako apige.

— Anapiga. Sisikii, simu iko kimya ili isimwamshe mtoto, na nikiisikia ndiyo nimeshaamka, nikiamka silali tena, na mimi, mimi jamani sijalala.

Na hapo likamtoka. Halikutoka kwa mpangilio wowote, lilitoka kama ndoo iliyopinduka ngazini: kwamba si mama, ni mume, kwamba hawaongei, hawasemi hata neno, yeye anaweka tu simu puani kwa mtoto na baba yake anamsikiliza anavyopumua huko kazini mpaka kunakucha, kwamba daktari amesema amepona lakini daktari hakuwepo alfajiri ile midomo ilipobadilika, kwamba yeye ana cheti cha kidato cha nne na alisoma baiolojia na anajua mapafu ni nini na bado anaogopa kitanda, anaogopa giza likianza tu kuingia, kwamba juzi alisinzia akiwa amesimama anakoroga uji, kwamba siku moja atasinzia akiwa amempakata. Shangazi akaweka birika chini. Akamwekea mkono mgongoni, akauacha pale.

— Nisamehe, mwanangu, Breki akasema. Huu mdomo wangu.

— Si kitu, mzee.

— Ni kitu.

Solda alikuwa ameshavuta droo. Akafukua, akatoa simu ya zamani ya batani, ile yenye tochi kichwani, kioo chake kimepasuka hakionyeshi chochote ila wino mweusi.

— Hii haina uso, akasema, lakini ina adabu. Simu hizi za zamani ukizichomeka spika za masikioni, unaziamuru zipokee zenyewe. Akipiga, haiiti, haitetemeki, inapokea. Ikikatwa haitoi mlio, anapiga tena, inapokea tena. Wewe umelala. Huu waya una kipaza sauti, unaona hiki kidonge? Unakibana hapa kwenye kola ya mtoto. Na hizi spika unazitumbukiza ndani ya kikombe kitupu kando ya mto. Kikombe kinakuza sauti. Akipiga kelele huko utaruka.

— Sasa hii ni kiasi gani?

— Uso haina, nani atanunua? Chukua. Nikipata kioo chake utanirudishia.

— Ngoja, ngoja, Mzee Risiti akasema. Hapo bado. Mwanamume akipiga tena na tena, anahitaji kifurushi upande wake. Nafuu iko wapi? Binti kauliza nafuu.

Kila mtu akatoa simu yake, maana ofa za kampuni ile hazifanani, kila laini inapewa ya kwake, na hakuna ajuaye wanavyogawa. Wakabonyeza, wakasubiri, wakaanza kutangaza kama watu wa mnada. Breki kapewa dakika za kutosha kumwuliza mtu hali na kukata. Shangazi kapewa intaneti ya usiku wa manane, na simu yake haina hata intaneti. Solda kapewa muziki.

Mzee Risiti alichelewa. Kwanza alitoa simu moja, akairudisha. Kisha akaingiza mkono mfuko wa ndani wa koti, akatoa nyingine ndogo, inang'aa, haina mkwaruzo, akaiwasha kwa vidole viwili. Ikapiga kelele za jumbe zilizokuwa zinasubiri.

— Hii laini siitumii, akasema. Namba hii anayo mwanangu tu, yule aliyekwenda ng'ambo. Niliiacha isibadilike, siku akitaka kupiga aikute.

— Na hizo jumbe ni zake? Shangazi akauliza.

— Za kampuni. Akasogeza simu mbali na macho, akasoma kwa sauti ya stoo: Mpendwa mteja, tumekukosa sana. Rudi. Piga bila kikomo mwezi mzima, na intaneti juu yake, kwa bei ya leo tu.

Akataja bei. Breki akapiga mluzi.

— Hiyo ni bei ya kiberiti!

— Kwa hiyo ukiwa nao hawakuoni, Shangazi akasema, ukiondoka ndipo wanakulilia.

— Wananitumia kila wiki, Mzee Risiti akasema, akiitazama ile simu mpya iliyozeeka mfukoni. Tumekukosa, tumekukosa. Hawa wamenikumbuka kuliko huyo niliyemwekea namba.

Dirisha alikuwa ameinuka nusu, mtoto kifuani, macho yamemtoka.

— Anayo! akasema. Mume wangu anayo laini ya zamani! Ile ya kampuni hii, aliyokuwa akinipigia kabla hatujaoana, nilipokuwa bado nyumbani kwa mjomba na simu naificha chini ya mto. Hakuitupa. Anayo kwenye pochi nyuma ya picha yetu, nilimwambia itupe inachafua pochi, akasema hiyo ndiyo iliyonipa mke.

— Imelala muda gani? Solda akauliza.

— Aliiwasha mara moja mtoto alipozaliwa, kwa ajili tu ya kunipigia kwa namba ile. Halafu akaitoa tena.

— Bora. Ikifa kabisa wanampa mtu mwingine. Mwandikie aiweke.

Akaandika. Vidole vinakosea, anafuta, anaandika: weka ile laini yako ya zamani uangalie ofa, usiulize, angalia tu. Wakangoja. Shangazi akamimina kahawa ya mwisho, birika likakohoa mashapo ya kahawa, akaligeuza kichwa chini kuwaonyesha kwamba hakuna tena, na hakuna aliyeinuka kwenda zake. Mtu alipita na baiskeli. Mtoto alikuwa amelala, pua inamwimba.

Jibu likaja. Dirisha akalisoma, akalisoma tena, akawapa walisome: wamenikosa sana, mama. Mwezi mzima. Ni chini ya hela ya sabuni. Wewe umejuaje?

Breki akashangilia mpaka watu wa upande wa pili wakageuka. Solda akachomoa laini ya Dirisha, akaitia kwenye simu isiyo na uso, akachomeka waya, akabana kile kidonge kwenye kola ya mtoto, akapangusa kikombe alichokunywea Mzee Risiti na kutumbukiza spika ndani yake, akakiweka juu ya kioo cha meza katikati yao.

— Tujaribu, akasema. Anaingia kazini saa ngapi?

— Sasa hivi anakuwa ameshapokea funguo.

Kabla laini haijachomolewa alikuwa ameshamwandikia ujumbe mwingine, na huo ulikuwa na uongo mdogo ndani yake, kwa sababu angeanzia wapi kumwambia kwamba yuko ubaoni na wanaume na ameshasema kila kitu? Alimwandikia: piga sasa tujaribu, itapokea yenyewe, mtoto kalala, mimi naenda kuoga.

Kikombe kikafanya kelele ndogo ya mkwaruzo. Kisha kikatoa pumzi ya mtu.

— Halo? kikombe kikasema. Halo, mama? ... Ah. Umeshakwenda kuoga.

Solda akainua kidole gumba. Breki akafumba mdomo kwa mkono wake mwenyewe. Ilikuwa sauti ya mumewe, ndogo, ina ladha ya bati, lakini yake, na Dirisha akajikuta anakitabasamia kikombe.

— Kijana wangu, kikombe kikasema. Uko hapo? ... Nakusikia. Pua bado inaimba. Si vibaya, ya kwangu inaimba pia.

Mlio wa kiti kinachovutwa juu ya sakafu ya saruji, mbali huko.

— Mama yako hayupo, tuongee wanaume. Sikiliza. Hapa kuna bati moja limelegea, upepo ukija linagonga kama mtu anayebisha hodi. Najua ni bati. Kila usiku najiambia ni bati. Yule mwenzangu wa zamu wamempunguza tangu mwezi ule, niko peke yangu, mama yako nimemwambia tuko wawili, tena nikamwambia mwenzangu ni mcheshi, nikambunia na vichekesho vyake. Hakuna mtu hapa. Kuna makasha mpaka juu, na mimi, na tochi. Naogopa, mwanangu. Mtu mzima na ndevu zangu, naogopa mpaka mikono inakuwa ya baridi.

Shangazi alianza kusema kitu, Mzee Risiti akamshika mkono.

— Nilimwambia mama yako nitakusikiliza mimi ili yeye alale. Ni kweli, lakini si yote. Ukipumua hivyo hapo, hili ghala linakuwa na watu. Nafunga macho najua uko upande gani wa godoro. Laini ikikatika, basi, napiga, napiga, haipokelewi, nakaa nimebandika mgongo ukutani mpaka kuche. Jana nilisema naacha, napanda gari, nafika, navua viatu mlangoni nisikuamsheni, najilaza pale pembeni kwenye ile sehemu ya shuka inayobaki. Nimeipanga safari yote kichwani mpaka kona ya ngazi. Halafu nikakumbuka dawa zako, nikakumbuka maziwa, nikakaa.

Kiti kikalia tena.

— Haya ni yetu mimi na wewe. Mama yako anadhani baba yako ni simba, mwache adhani hivyo, ana hofu zake za kumtosha. Usimwambie mtu. Umenisikia? Usimwambie mtu.

Kijiwe kizima kilikuwa kimeinama juu ya kikombe kile. Solda alipeleka mkono kwenye waya kuuchomoa, taratibu, akamtazama Dirisha kwanza, na macho yake yakamuuliza, nikate? Waya ungechomolewa hapo, mumewe angedhani ni mtandao. Asingejua kamwe. Angeendelea kuwa simba, na yeye Dirisha angepanda ngazi zake, angelala, na kila usiku wawili hao wangekesha na kulala kila mmoja amemficha mwenzake mikono yake ya baridi.

Dirisha akatikisa kichwa. Akamwinua mtoto, akaweka mdomo karibu na kile kidonge kwenye kola, karibu na ile shingo yenye jasho la usingizi.

— Nimesikia, akasema.

Ndani ya kikombe kiti kikalia, kama mtu aliyeinuka ghafla.

— Nimesikia yote. Na mimi naogopa, tena kuliko wewe, sijakwambia nusu yake. Njoo. Wakikusogezea tena likizo njoo hivyo hivyo, siku moja tu, ulale hapo pembeni, halafu urudi. Maziwa tutajua. Njoo utusikilize kwa masikio yako.

— Hukwenda kuoga, kikombe kikasema.

— Sikwenda.

— Uko wapi? Nasikia kama nje.

— Kijiweni. Nimeshuka.

— Na nani?

Dirisha akawatazama. Breki alikuwa anafuta macho kwa kofia yake bila kujificha.

— Na wote, akasema.

— Wote wamesikia?

— Wote.

Mtu akacheka ndani ya kikombe, kicheko kifupi cha mtu aliyeshikwa, kikavunjika mwishoni, na nyuma yake wakalisikia lile bati, kweli linabisha, ko, ko, ko, mbali, safari ya kutwa nzima.

— Nitaomba kesho, akasema. Siku mbili. Wakikataa nitaomba tena kesho kutwa. Lakini basi, mama, hayo mengine yaishie hapo. Usimwambie mtu mwingine.

— Simwambii mtu mwingine, Dirisha akasema.

Shangazi akainama, mkono juu ya kitambaa cha kichwa kisidondoke, akasema kwenye kola ya mtoto:

— Wala mimi, baba.

— Wala mimi, akasema Solda.

Mzee Risiti akainama kwa tabu, magoti yakilia, ile simu ndogo inayong'aa bado kiganjani.

— Wala mimi.

Breki alikuwa wa mwisho. Akainama karibu kabisa, akaisikiliza kwanza ile pua inavyoimba, kisha akasema kwa sauti ya chini ambayo hakuna mtu mtaani aliyewahi kumsikia nayo:

— Wala mimi, tafadhali.